Mzee ana Parkinson, usiku anarusha ngumi mchana anasinzia, tuanzie wapi vipimo?

Kitindamimba:
Habari zenu wakuu, naomba msaada kwa anayejua. Mzee wangu ana miaka 71, Parkinson (ule ugonjwa wa ubongo wa kutetemeka na kukakamaa) iligundulika miaka minne iliyopita na mkono kutetemeka tumeshauzoea, kinachotutesa sasa ni usiku. Juzi saa tisa usiku nikasikia kishindo, nikakimbilia chumbani kwao, nakuta taa ya pembeni ya kitanda iko chini imepasuka, mama amekaa kitandani kashika shavu na mzee kafumba macho bado anarusha ngumi anasema "toka! toka!" Nilipomwamsha akashangaa kabisa, akasema alikuwa anafukuza mbwa. Mama ndo akanambia haya mambo yalianza hata kabla mkono haujatetemeka, alikuwa anaona aibu kusema. Halafu mchana mzee anasinzia hadi kijiko kikiwa mkononi. Kliniki tukaambiwa ni uzee, tukapewa vidonge vya usingizi, sijampa bado. Hivi kuna kipimo cha kujua hasa ni nini?

Mume_Mlezi:
Pole sana ndugu yangu, na mpe mama pole pia. Mimi nauguza mke wangu mwaka wa sita na naomba vidonge viache kwanza mpaka ijulikane unatibu nini, maana mgonjwa wa Parkinson akikosa usingizi mzuri sababu zinaweza kuwa nne au tano na kila moja ina dawa yake.

Hilo la kuigiza ndoto ni ugonjwa unaojulikana, daktari Schenck na wenzake wa Minnesota kule Marekani waliuelezea mwaka 1986. Kwa kawaida ukifika ile hatua ya usingizi wenye ndoto nyingi, inaitwa REM, misuli inalegea mwili mzima, unaota unakimbia lakini miguu imetulia. Kwa hawa wagonjwa misuli hailegei, kwa hiyo ndoto ikiwa ya ugomvi anayelala pembeni ndo anapigwa. Na unaweza kutangulia kutetemeka kwa miaka mingi tu, kwa hiyo alichokiona mama si kitu kidogo, daktari akisikie kutoka kwake mwenyewe. Mgonjwa hajioni akiwa amelala! Mke wangu aliulizwa unalalaje akajibu vizuri tu, na mimi nimesimama pale na alama ya kucha usoni.

Kipimo kinachothibitisha ni polisomnografia yenye video. Analala maabara usiku mzima, anabandikwa nyaya kichwani, kando ya macho, kidevuni na miguuni, mikanda kifuani na tumboni, kifaa cha oksijeni kidoleni. Waya wa kidevuni ndo muhimu hapa, ubongo ukiwa kwenye REM kidevu kinatakiwa kiwe kimya, kisipokuwa kimya jibu limepatikana. Kama maabara ya hivyo haifikiki, daktari wa mishipa ya fahamu anaweza kufikia jibu la "inaelekea ni huu" kwa maelezo ya mama na video ya simu.

Nesi_wa_Zamu:
Naongezea kwa mkuu hapo juu. Kitindamimba, mzee anakoroma? Anakata pumzi halafu anashtuka kama anayezama? Apnea, yaani huko kukatika pumzi usingizini, ikiwa kali inaweza kumfanya mtu arushe mikono hivyo hivyo ukadhani ni ndoto, na baadhi ya dawa za usingizi zinaweza kulegeza koo zaidi, na kwa mgonjwa wa Parkinson zinaongeza kuanguka akiamka kwenda chooni. Kipimo hicho hicho kinahesabu pumzi inakatika au kupungua mara ngapi kwa saa: 5 mpaka 14 ni hafifu, 15 mpaka 29 wastani, 30 na kuendelea kali.

Kusinzia kwa mchana kuna dodoso la Epworth, maswali 8, kila moja alama 0 hadi 3, akizidi 10 kusinzia kumepita kiasi. Lakini bebeni dawa ZOTE mwende nazo, hata za dukani. Pramipeksoli na ropiniroli, dawa za Parkinson, zinaweza kumwangusha mtu usingizini ghafla, kwa hiyo kama anaendesha gari aache kwanza. Baadhi ya dawa za sonona zinachochea kuigiza ndoto, selejilini, nayo ya Parkinson, ikinywewa jioni inafukuza usingizi. Msimkatishe dawa yoyote wenyewe tafadhali.

Kitindamimba:
Asanteni sana jamani. Nimemuuliza mama, anasema anakoroma na kuna muda anakaa kimya mpaka anamgusa kuona kama yupo. Pia jioni analalamika miguu.

Mume_Mlezi:
Muulize miguu vizuri. Ikiwa inamsumbua akitulia na akitembea anapata nafuu, hiyo ni miguu isiyotulia, waombe wapime madini ya chuma, kipimo kinaitwa feritini. Ikiwa ni kukakamaa anashindwa hata kujigeuza, angalieni amekunywa levodopa, dawa yake ya Parkinson kama anaitumia, saa ngapi, yawezekana inaisha nguvu usiku.

Na leo leo godoro lishuke chini, vyenye kioo na ncha viondoke, mama ahamie kitanda kingine hata kama mzee ataumia moyo, wangu alilia.

Kitindamimba:
Mama amekubali, godoro lake tumeweka ukutani upande wa pili. Jana nimekaa na daftari: saa 5:10 kalala, saa 7 chooni, saa 8:45 pumzi imekata nikahesabu hadi kumi na nane, saa 10:20 ameanza kupiga teke na kuongea, video ninayo dakika mbili. Jumatatu tunaenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu na mama ndo ataongea.