Eti "shukuru, utakuwa karibu na steji"! Huyu mtu tumpeleke wapi?

BatiLaPiliKushoto (mwenye uzi)

Wadau, naandika nikiwa nimesimama kwa sababu kukaa kumeshindikana.

Mnamjua. Simtaji na hakuna haja. Yule wa koti la kung'aa ambalo halijawahi kuona vumbi, anayebeba mkebe wa rangi nyekundu kama mtu anayebeba rozari, akiona ukuta mkono unamwasha kuuwekea alama ya kubomolewa. Leo kwenye kikao cha fidia ya ploti zetu zinazotwaliwa kwa barabara, ukumbi umejaa mpaka watu wananing'inia madirishani, shosho wa watu amesimama na bakora yake na kuuliza swali la maneno matatu: "Pesa inakuja lini?" Jamaa anamenya yai. Yai la kuchemsha! Hakuinua hata kichwa. Akasema: "Shukuru shosho, sasa utakuwa karibu na steji."

Karibu na steji.

Nyumba inabomolewa YOTE. Barabara inaingilia sebuleni, inatokea jikoni, na matatu zitapakia abiria pale kitanda kilipo. Atakuwaje karibu na steji? Yeye ndiye steji! Makanga watakuwa wakiita "kwa shosho, kwa shosho, hamsini, wawili wa haraka!"

Na yai akalimaliza. Akapangusa vidole kwenye daftari la majina yetu.

Barabara tunaitaka, asije mtu hapa kunifundisha maendeleo. Lakini KARIBU NA STEJI? Na kiini kikiwa kwenye kona ya mdomo?

MakangaMstaafu

Hamsini ni bei ya jua. Mvua ikidondoka matone mawili, kwa shosho ni mia.

KiiniCheupe

Swali la muhimu: lilikuwa na kachumbari au kavu?

BatiLaPiliKushoto

Kavu. Hata chumvi hakuna. Mtu asiye na chumvi kwa yai atakuwa na huruma kwa nyumba ya mtu?

KaraniWaIjumaa

Mwenye uzi, yai umelipa aya nzima na tarehe ya notisi hujaitaja. Hapo ndipo mnaliwa, wala si kwenye yai.

Gazeti Rasmi la serikali ya Kenya hutoka kila Ijumaa. Kuna notisi mbili, na watu huzichanganya. Ya kwanza inatangaza nia ya kutwaa ardhi. Kikao hakiwekwi mpaka angalau siku 30 zipite tangu hiyo. Ya pili inatangaza kikao chenyewe, na lazima itoke angalau siku 15 kabla. Zihesabu kwa kidole. Kama hazitoshi, andikeni barua leo, msingoje tingatinga lifike ndiyo mkumbuke kalenda.

Halafu someni jedwali. Kuna namba ya ploti, jina la mwenyewe, na eneo kwa hekta. Hekta ndiyo shimo. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama hekta 0.0465. Ya 40 kwa 60 ni 0.0223. Sasa karani akiongeza sifuri moja na kuandika 0.0046, ploti yako imebaki kibanda cha mlinzi, na watu mia wanapita juu yake wakisoma jina tu: "eeh, niko." Uko wapi? Uko sehemu ya kumi. Ukiona kosa, peleka nakala ya hati na ramani mapema, uombe notisi ya masahihisho kabla ya kikao.

BatiLaPiliKushoto

Asante sana karani, ila naona hujaelewa. HAKUINUA KICHWA.

TofaliMojaMoja

Huyu amekuja kutafuta wa kulia naye, nyinyi mnampa hesabu za hekta.

MthaminiWaMtaa

Wacha nimsaidie kulia kwa tarakimu.

Kanuni za fidia za 2017 zinataka bei ya soko ya siku ile notisi ya nia ilipotoka, kisha juu yake asilimia 15 ya usumbufu. Kipande kikithaminiwa milioni 4, ongeza 600,000. Hiyo 15 haiombwi kwa magoti, ni sehemu ya hesabu. Barua ya fidia ikija na jumla moja tupu bila mchanganuo, rudisha uulize: ardhi ngapi, majengo ngapi, usumbufu ngapi.

Na hilo neno la steji ndilo linalonichekesha kitaalamu. Faida ambayo ardhi itapata kwa sababu ya barabara yenyewe HAIHESABIWI. Huwezi kudai bei ya kando ya lami ambayo haijamwagwa. Kwa hiyo steji haiongezi hata ndururu kwa shosho, na bwana mkubwa anamwambia ashukuru kwa kitu ambacho sheria imekitoa nje ya mizani!

Kitu kingine: ulichojenga ndani ya miaka 2 kabla ya notisi kinatazamwa kwa jicho baya. Lazima uthibitishe ulijenga kwa nia safi, si kwa kunusa pesa. Wale walioongeza vyumba sita vya mabati usiku baada ya kuona mtu wa vipimo na miguu mitatu, poleni. Mabati bado yana stika ya dukani.

KiiniCheupe

Hapo kwa stika umetaja watu wa laini yetu yote.

MpangajiSugu

Samahani nikivuruga, lakini mnasema shosho, shosho. Shosho ana ploti! Sisi wapangaji je? Mwenye nyumba akisikia fidia anapotea kama stima ya jioni, dipoziti yako anakwambia imo ndani ya ukuta. Kinyozi yuko pale na viti vitatu na vioo, hakuna anayemuuliza chochote.

MthaminiWaMtaa

Kinyozi aende kikaoni kwa miguu yake, asitumwe na mwenye ploti. Mtu yeyote mwenye maslahi anaweza kudai, si jina la kwenye hati peke yake. Gharama za kuhamisha biashara au makazi zinadaiwa, na pia faida iliyopungua kati ya siku ya notisi na siku ya kutwaliwa. Shida ni ushahidi. Abebe leseni ya kaunti, mkataba wa kupanga, taarifa za pesa za simu za mwaka mzima, na picha za viti vikiwa mahali pake. Dai liwe la maandishi, liwasilishwe kabla kikao hakijaisha, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Dai la mdomo hufa pale pale, kama la shosho.

BatiLaPiliKushoto

La shosho lilikufa kwa yai.

UkingoniMwaMto

Nyinyi mnaomenyewa yai mnalia? Sisi wa kando ya mto mwaka 2024 baada ya mafuriko hatukuona hata ganda. Mathare, Mukuru, tingatinga lilikuja likiwa na mita 30 kutoka mtoni kichwani na hakuna aliyeshuka na futikamba.

Na hizo 30 nani kasema? Kanuni za maji zinasema ukingo wa kuachwa ni kutoka mita 6 hadi 30, kwa kufuata upana wa mto na alama ya maji yalipofika juu kabisa. Kamto ka kuruka na gambuti kanapewa mita 30 kama Tana!

BikoniImehama

@UkingoniMwaMto pole, ila hiyo si kutwaliwa ardhi, ni mambo mawili tofauti. Ukingo wa mto wanasema hukupaswa kujenga, kwa hiyo hawanunui kitu. Hata hivyo kufukuzwa bila notisi si halali. Sheria ya Ardhi ilivyorekebishwa 2016 inataka notisi ya maandishi ya miezi mitatu. Na Mahakama ya Juu mwaka 2021, kwenye kesi ya Mitu-Bell ya wale wa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, ilikubali kwamba hata asiye na hati ana haki ya makazi ambayo mahakama inaweza kuilinda.

UkingoniMwaMto

Miezi mitatu! Sisi tulipewa dakika za kuzima jiko.

WayaJuuYaKichwa

Afadhali nyinyi mnaondoka. Laini kubwa ya stima ikipita, ardhi inabaki yako, unailipia, ila usijenge, usipande mti mrefu, usiote ndoto ndefu. Ya kilovolti 132 inataka njia ya mita 30, ya 400 inataka 60. Ploti ya 50 kwa 100 ina upana wa mita 15! Waya umemaliza, na hati yako imekaa kabatini inanawiri.

KiiniCheupe

Hapo angalau uko karibu na stima.

MakangaMstaafu

😂😂😂 shukuru

KifunguCha40

Turudi kwa swali la shosho kwa sababu hakuna aliyelijibu, kuanzia kwa mla yai hadi hapa.

Katiba, kifungu cha 40, inasema fidia kamili, ya haki, ilipwe bila kukawia. Mkatulia. Mwaka 2019 wakarekebisha Sheria ya Ardhi, wakaeleza "bila kukawia" maana yake nini: muda wa kadiri, usiozidi mwaka mmoja BAADA ya ardhi kutwaliwa. Sasa mjue Kiswahili chao. Ukimwambia mwenye duka utalipa unga bila kukawia, halafu urudi mwaka ujao.

Marekebisho hayo hayo yanaruhusu ulipwe kwa njia zisizo pesa taslimu, kama ardhi nyingine au hati za dhamana za serikali. Kwa hiyo kwenye fomu ya kukubali, soma mstari wa aina ya malipo. Usisaini kwa furaha ya kuona jina lako limechapishwa vizuri. Malipo yakichelewa kupita siku ya kutwaliwa kuna riba, idai kwa maandishi, haiji yenyewe kama mgeni.

Ukiona kiasi ni kidogo, kukataa si kufanya mradi usimame. Pesa zinawekwa kwenye akaunti maalum ya fidia, barabara inaendelea, wewe unapeleka malalamiko kwa baraza la rufaa la utwaaji wa ardhi, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Na kutokuja kikaoni ni ujinga mtupu. Uamuzi wa fidia unatoka hata kama hukuja.

BatiLaPiliKushoto

Kwa hiyo jibu la haki lilikuwa "ndani ya mwaka mmoja baada ya kutwaliwa". Maneno saba. Angeyasema hata yai likiwa mdomoni!

BikoniImehama

Huyo wa koti wala si wa kuulizwa. Kikao ni cha Tume ya Taifa ya Ardhi. Yeye ni wa mkandarasi, anaweza kueleza mtaro unapita wapi, malipo hayamhusu.

TofaliMojaMoja

Naomba nimtetee kidogo jamaa. Si ploti za nyuma zitapanda bei kweli?

KiiniCheupe

Msimamizi, mla yai amejiunga.

CheniYaFuti66

Na kabla hamjapigania riba, hati mnayo? Nusu ya upande huu wa Eastlands wana cheti cha hisa cha kampuni ya ardhi na kitambulisho cha marehemu. Cheti cha hisa si hati. Barua ya kugawiwa ploti pia si hati, Mahakama ya Juu ilisema wazi 2023. Majina mawili yakijitokeza kwa ploti moja, pesa inalala kwenye ile akaunti maalum mpaka muelewane, na nyinyi mnajua mnavyoelewana.

Hati ikiwa kwa jina la mzee aliyefariki, barua ya chifu haitoshi, tafuteni hati ya mirathi iliyothibitishwa na mahakama. Hiyo inachukua miezi, na ndugu wa Rongai lazima apatikane asaini. Anzeni sasa. Wakishamega kipande, angalieni kilichobaki. Kikiwa pembetatu ambayo mbuzi hawezi kugeukia, dai hasara ya kumegwa, au omba wakichukue chote.

MpangajiSugu

Ndugu wa Rongai hapatikani. Yuko karibu na steji.

MadirishaNaMilango

Habari zenu. Kwa wanaobomoa: tunanunua mabati yaliyotumika, geji 30 na 28, mbao za mbili kwa nne ndefu, milango ya chuma, madirisha. Mng'oe wenyewe kabla ya tingatinga, likishagusa fremu inapinda na hatuchukui. Anzeni na vioo, halafu mkate nanga za ukutani kwa msumeno, msigonge kwa nyundo.

KaraniWaIjumaa

Ulizeni kwanza kama vifaa mnaachiwa. Ipateni kwa maandishi.

WayaJuuYaKichwa

Geji 28 unachukua kwa ngapi?

UkingoniMwaMto

Yenye matundu ya misumari je?

MadirishaNaMilango

Matundu machache sawa. Kutu hapana.

KiiniCheupe

Mnanunua maganda?

BatiLaPiliKushoto

Madirisha ya nne kwa nne, ya chuma, yana grili, kioo kimoja kina ufa. Mnakuja na gari au tunawaletea?