Naomba ushauri: chembe nano za fedha kwenye vyungu vya kuchujia maji
Wakuu, naomba ushauri. Chungu cha udongo uliochanganywa na vumbi la mbao kikichomwa, vumbi huungua na kuacha vitundu. Kisha hupakwa chembe nano (ndogo mno, hazionekani kwa macho) za madini ya fedha ziue bakteria. Kichuje lita 1 hadi 3 kwa saa; kikizidi hapo, tafuta ufa.

Shida ni fedha kung'oka, hasa maji yenye klorini yakimiminwa humo. Shirika la Afya Duniani linasema hadi miligramu 0.1 za fedha kwa lita ya maji huvumilika. Kuichanganya fedha kwenye udongo kabla ya kuchoma hupunguza kung'oka, lakini nguvu ya kuua bakteria inabaki ileile? Na kijijini, pasipo maabara, tupimeje fedha iliyong'oka kwa bei nafuu? Wanywaji ni watoto.