Naomba ushauri: kaka anataka kunipeleka kulenga shabaha ukumbi wa ndani, sijawahi kushika bastola

Dada wa Shangani
Habari za jioni wapendwa. Niko Mtwara mjini. Mungu akipenda, msimu wa korosho ukiisha nakwenda Pretoria kumsalimia kaka yangu, ameoa na kuhamia huko miaka mingi. Ana leseni ya silaha, na Jumamosi huenda na wenzake kulenga shabaha kwenye ukumbi wa ndani. Ameshasema nikifika lazima twende, na wifi naye yumo.

Bunduki nilizoziona kwa karibu ni za walinzi wa maghala ya korosho na gobore la marehemu babu kule Liwale, ambalo sisi wajukuu hatukuruhusiwa kuligusa. Sipendi kumwaibisha kaka mbele ya wenzake, ila zaidi naogopa kumdhuru mtu. Navaa baibui na mtandio, na nina mtoto ananyonya. Nielekezeni.

Mgambo Mstaafu, Masasi
Mwanangu, hofu hiyo nenda nayo. Kila silaha ihesabu kuwa ina risasi, hata kama kaka yako amekuonyesha chemba, pale risasi inapokaa, ikiwa tupu sasa hivi.

Mtutu uelekee kwenye shabaha muda wote. Hapa ndipo wageni wengi wanapokosea: anapiga, anafurahi, anageuka kumtazama aliyemleta, na mkono unageuka pamoja naye. Ukitaka kusema na mtu, laza bastola mezani, mtutu mbele, ndipo ugeuke. Picha za simu ukiwa umeishika, hapana.

Kidole kilale ubavuni mwa bastola, nje ya triga, mpaka uwe umeshalenga. Dole gumba la mkono wa pili lisikae nyuma ya bastola, maana sehemu ya juu hurudi kwa nguvu kila ukipiga na itakuchana. Ikikuponyoka, iache ianguke. Ukitaka kuidaka, vidole vinaweza kukutana na triga.

Fundi wa Chikongola
Naongezea kwa mzee. Ukivuta triga isilie, usiigeuze kuichungulia. Baki hivyo hivyo, mtutu kwenye shabaha, hesabu sekunde 30, mwite mwangalizi wa ukumbi. Baruti wakati mwingine huchelewa kushika. Na ikilia kwa sauti dhaifu kuliko kawaida, usipige tena kabisa. Huenda kichwa cha risasi kimekwama ndani, na ya pili ikikuta njia imeziba, mtutu unaweza kupasuka mkononi mwako.

Nesi wa Lindi
Dada, mimi linalonigusa ni huyo mtoto. Kila risasi inapolia, moshi wake hubeba vumbi la madini ya risasi (kwa Kiingereza lead), kutoka kwenye kichwa cha risasi na kwenye fataki inayowasha baruti. Ndani ya ukumbi vumbi hilo hutua kwenye nguo, nywele na mikono. Madini haya hupita kwenye maziwa ya mama, na ubongo wa mtoto mchanga ndio unaoumia zaidi. Ningekuwa wewe, ningesubiri nimwachishe kwanza.

Fundi wa Chikongola
Nesi, kwa heshima, saa moja kwenye ukumbi wenye mashine nzuri za kuvuta hewa si sawa na mtu anayeshinda humo kila siku.

Nesi wa Lindi
Si sawa, nakubali, na asiache kunyonyesha kwa ajili ya hilo. Lakini mambo ya burudani yanaweza kungoja. Akiamua kwenda: mtoto abaki nyumbani, asile wala kunywa humo, akitoka anawe mikono na uso kwa sabuni na maji ya baridi, abadilishe nguo na kuoga kabla ya kumshika mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Masikio pia. Mlio wa bastola hupita desibeli 140, na kuta huurudisha. Vaa vizibo vya ndani pamoja na vile vikubwa vya kufunika. Vikubwa vikikaa juu ya mtandio vinaacha upenyo, kwa hiyo vizibo vya ndani vikae sawasawa kwanza. Miwani ya kinga ni lazima.

Mama Mikindani
Mavazi: baibui la mikono mipana liache. Vaa shati la mikono ya kubana lililofungwa hadi shingoni, ncha za mtandio zichomeke ndani, na viatu vya kufunika. Maganda ya risasi yanaruka yakiwa ya moto. Likikuingia shingoni, vumilia, laza bastola kwanza ndipo ulitoe.

Na hilo la kumwaibisha kaka. Kwetu mdogo hamkatalii mkubwa mbele za watu, lakini humo mwenye amri ni mwangalizi. Akisema simameni, kila mtu anaacha, kaka yako naye. Hata wewe mgeni ukiona hatari, paza sauti kusimamisha. Na ukichoka mikono au ukaanza kutetemeka, laza silaha, rudi nyuma. Asikuone mjinga mtu yeyote kwa hilo.

Dada wa Shangani
Asanteni sana, nimeguswa. Nimempigia kaka, amekubali. Safari hii nitakaa chumba cha kutazamia, nyuma ya kioo, nipige siku nyingine mtoto akishaacha ziwa. Swali la mwisho: naweza kuwaletea wapwa zangu maganda machache kama zawadi?

Mgambo Mstaafu, Masasi
Hapana mwanangu. Kuwa na risasi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na uwanja wa ndege hutapenda kuanza kueleza kipi ni ganda na kipi ni risasi nzima. Wanunulie wapwa kitu kingine, na begi la kusafiria usiingie nalo ukumbini.