Gari ya spoti kuendea kazini kila siku: ni akili au ni kujitesa?

Wakuu habari zenu. Kuna hoja inanikera muda mrefu na leo naomba tuipasue. Ikitajwa tu Porsche 911 au Nissan GT-R au Ferrari lazima atokee mtu aseme "hiyo ni ya wikiendi bana, ya kila siku tafuta gari ya maana". Ukimuuliza kwa nini, anakujibu inakula mafuta, iko chini mno, sevisi inaua, halafu anamalizia na ile kubwa, kwamba ni hatari kwa watu wengine barabarani na haifai kuruhusiwa kuzurura mitaani kila asubuhi. Mimi niko upande mwingine na nasema mapema ili anayetaka kunirukia ajue anarukia nini: gari ya spoti inayotembea kila siku ni salama zaidi kuliko ile inayotolewa banda mara moja kwa mwezi, salama kwa gari yenyewe na salama kwa mpita njia. Ya wikiendi ndo yenye shida.

Tuanze na gari yenyewe. Watu wanadhani kuifungia ndani ndo kuitunza, kumbe ndo inavyokufa taratibu. Betri inashuka maana alamu na kompyuta zinanyonya umeme hata gari ikiwa imezimwa, tairi zinaota bapa pale zilipolalia, diski za breki zinapiga kutu, sili za mpira zinakauka halafu siku unaiwasha baada ya miezi unaanza kuona oili chini unashangaa imetoka wapi, petroli nayo inachakaa kwenye tangi. Na tairi ndo mtego mbaya kuliko vyote, kwa sababu mwenye gari anaangalia meno anaona bado mapya kabisa, anasahau mpira unazeeka hata bila kutembea. Kila tairi ina tarakimu nne ubavuni zinazosema wiki na mwaka iliotengenezwa, wangapi wanazisoma? Mnaikumbuka ajali ya Paul Walker, yule mwigizaji wa filamu za Fast & Furious, Novemba 2013 kule California, yeye na rafiki yake walikuwa kwenye Porsche Carrera GT ya 2005. Wachunguzi walisema chanzo ni mwendo, gari ilikuwa kati ya kilomita 129 na 150 kwa saa mahali ambapo mwisho ni kama 72, lakini pia wakakuta tairi zina umri wa miaka 9. Miaka 9! Mtu anayeendesha kila siku hawezi kufikisha tairi ya gari ya aina hiyo miaka 9, atakuwa ameshamaliza seti kadhaa.

Hapa kuna kitu kimoja lazima nikubali na sitaki mtu anishike nacho baadaye. Kila siku yenyewe haitoshi, inategemea safari ni ndefu kiasi gani. Kama kazini kwako ni dakika tano kutoka nyumbani basi hapana, utaiua injini. Mshale wa joto la maji unafika katikati haraka watu wanadhani gari imepata moto, wakati oili bado ni baridi, na unyevunyevu na mabaki ya petroli yanajichanganya kwenye oili bila kupata nafasi ya kukauka. BMW waliliona hili zamani, kwenye gari yao ya spoti M3 ya kizazi cha E46 waliweka taa ndogondogo kwenye mita ya mizunguko, oili ikiwa baridi zinawaka nyingi kukuzuia usipige mizunguko ya juu, kisha zinazima moja moja kadiri oili inavyopata joto. Kwa hiyo mwenye safari ya nusu saa na zaidi asitishwe na mtu, wa dakika tano atembee kwa miguu tu, ni afya pia.

Sasa ile hoja ya "hayakutengenezwa kwa kazi hiyo". Ilikuwa kweli kabisa, miaka hiyo. Lamborghini Countach, kuirudisha nyuma dereva alikuwa anafungua mlango anakaa kwenye kizingiti mwili nusu uko nje, maana kioo cha nyuma hakimwonyeshi chochote cha maana. Ferrari F355, kubadilisha taiming belti injini inashushwa nzima. Na zile gia boksi za kwanza za kujiendesha zenye klachi moja, kwenye foleni zilikuwa zinakula klachi vibaya sana, kila unapojongea na kusimama, kujongea na kusimama, klachi inaungua. Aliyeishi na gari za namna hiyo akikwambia usithubutu ana haki yake.

Lakini wakuu mbona tunajadili kama vile tuko bado kule? Honda walitoa gari ya spoti NSX mwaka 1990, bodi nzima aluminiamu, injini V6 katikati, na ukikaa ndani unaona nje pande zote, unaiwasha asubuhi unaondoka bila ibada yoyote. Mbunifu wa magari Gordon Murray wakati anabuni McLaren F1 hiyo NSX ndo aliichukua kuwa kipimo, na yeye mwenyewe akaitumia miaka. Baadaye zikaja gia boksi za klachi mbili, GT-R ya 2007 inayo, Porsche wakaleta ya kwao inayoitwa PDK mwaka mmoja hivi baadaye, na tangu hapo foleni sio adui tena kama ilivyokuwa. Matuta nayo yamepata dawa, siku hizi unabonyeza kitufe pua ya gari inapanda, Porsche 911 GT3 ya kizazi cha 992 unaweza kuifundisha hata ikumbuke kwa GPS mahali tuta lilipo, ukikaribia tena inajinyanyua yenyewe. Na hiyo McLaren F1 yenyewe, gari ya viti vitatu dereva katikati, Rowan Atkinson aliyeigiza Mr Bean aliinunua 1997 akaiendesha kweli kweli, alipoiuza 2015 ilikuwa na maili 41,000 na bado akauza kwa hela nyingi mara kadhaa kuliko aliyonunulia. Sasa nani kati yetu ana gari nyeti kuliko hiyo mpaka aogope kuitoa siku ya kazi?

Mafuta sitaki kupoteza muda. Wapo wanaopenda kutaja Bugatti Veyron kwamba kwa mwendo wake wa mwisho tangi la lita 100 linaisha kwa dakika 12 hivi. Ndiyo, kwa kilomita zaidi ya 400 kwa saa. Ukienda kazini kwa mwendo huo mafuta sio tatizo lako la kwanza.

Kelele hapo sina utetezi. Nyingi ya hizi gari zikiwashwa zikiwa baridi injini inapandisha mizunguko yenyewe ili kile kichujio cha moshi kipate joto haraka, basi saa kumi na moja alfajiri mtaa mzima unajua unaenda kazini. Jirani akilalamika yuko sahihi. Baadhi zina namna ya kuziwasha kimya na kama yako inayo itumie, kama umeng'oa saileensa ya kiwandani ukaweka bomba wazi usije hapa kusema watu wana wivu.

Tuje kwenye hatari maana ndo kiini. Mwaka 2019 mjini Adelaide, Australia, Lamborghini Huracan ilitoka barabarani ikamuua binti wa miaka 15 aliyekuwa anatembea na rafiki yake pembeni ya njia. Hakuna wa kulifanyia mzaha tukio kama hilo. Jimbo la South Australia likatunga sheria, na tangu Desemba 2024 ukitaka kuendesha gari yenye nguvu kuanzia kilowati 276 kwa kila tani ya uzito wake lazima uwe na daraja la ziada kwenye leseni, wanaliita U, na kuzima mifumo ya usalama kama ule unaozuia tairi kuteleza na kuzunguka ovyo ni kosa. Wanaotaka magari haya yafungiwe wanaitaja sana sheria hii kama ushahidi wao. Mimi nasema isomeni vizuri. Haijakataza mtu kutumia gari kila siku, imesema thibitisha kwamba unajua unachoendesha, na hilo mimi naliunga mkono mia kwa mia.

Halafu pigeni hesabu muone inawakamata nani. GT-R ya kuanzia 2017 ina kama kilowati 419 na uzito unaokaribia tani moja na robo tatu, inatoka kama 240 kwa tani, haiingii. 911 Carrera ya kawaida haikaribii hata. Lakini Tesla Model S Plaid, sedani ya milango minne, buti kubwa, kiti cha mtoto kinafungwa nyuma bila shida, ina nguvu farasi zaidi ya 1,000, na hata kwa uzito wake wa zaidi ya tani mbili inapita 276 kwa mbali sana. Hiyo mtaani mnaiita gari ya familia. Hakuna anayemwambia mwenye nayo aiweke ya wikiendi, kwa sababu haipigi kelele na haina mlango wa kufunguka kwenda juu. Na wale wanaoshauri "nunua SUV tu", Lamborghini Urus ina nguvu farasi 650 ilipotoka na uzito wa tani 2.2 hivi, bonati iko juu kuliko ya 911. Mwendo ukiongezeka mara mbili nishati ya kugonga inaongezeka mara nne, na uzito nao unazidisha. Mnieleze kwa fizikia ipi hiyo ni gari ya busara na 911 ya tani moja na nusu ni kichaa.

Sasa kwa nini nasema wa wikiendi ndo hatari zaidi. Takwimu sina, naongea kwa namna gari inavyofanya kazi, anayeweza kuipinga apinge kwa hilo hilo. Tairi za mwendo, hasa zile zinazokaribia za mashindano kama Michelin Pilot Sport Cup 2, zinashika lami zikiwa na joto. Zikiwa baridi mpira ni mgumu, na joto la hewa likishuka chini ya nyuzi 7 hata tairi za kawaida za kiangazi zinapoteza mshiko, sembuse hizi. Mtu ambaye anaitoa gari mara moja kwa mwezi anaitoa kwa sherehe. Amesubiri wiki nne, rafiki yuko pembeni na simu anarekodi, anatoka getini anakanyaga, tairi baridi na tena za zamani, nguvu yote inaenda kwenye magurudumu ya nyuma, matako ya gari yanakimbia kabla hajajua usukani aupeleke wapi. Hajui gari yake. Hajawahi kuiendesha kwenye mvua. Wa kila siku ameshanyeshewa nayo, ameshakwama nyuma ya lori, ameshajua breki inauma wapi na pua inaishia wapi, na muhimu zaidi ameshaizoea, hana cha kuthibitisha saa moja asubuhi akiwa amechelewa kikao.

Ndo maana hata ukiamua kuifanya ya kila siku usichukue ile iliyoundwa kwa ajili ya sakiti, yaani uwanja wa mashindano. Breki za seramiki zinapendeza kutaja lakini zikiwa baridi zinaweza kupiga yowe kila taa nyekundu na kuzibadilisha ni msiba, za chuma zinatosha kabisa. Tairi weka za barabara za mvua na jua. Springi laini. Hapa watu wa "gari ya maana" na mimi pengine tunakutana kidogo, ila wao wanaishia kuagiza SUV na mimi naishia kuagiza 911 ya kawaida au hata Mazda MX-5 ambayo ina raha yote na nguvu ya kiasi.

Ninachogombana nacho kwenye ile sheria ya South Australia ni kwamba mafunzo yenyewe yanafanyika mtandaoni. Unasoma, unajibu maswali, unapewa daraja. Kuteleza kwa tairi la nyuma hakujifunziki kwenye skrini wakuu. Ingekuwa mimi ningesema kila anayenunua gari ya namna hii, iwe ya petroli au ya umeme, apelekwe kwenye uwanja uliomwagiwa maji na mwalimu pembeni, aiteleze mpaka aogope, ndo apewe funguo. Na bima wampunguzie anayeitembeza kilomita nyingi bila tukio badala ya kumpa nafuu anayeifungia ndani.

Haya, wa upande ule njooni, ila mtu asianze na mafuta. Anzeni na Plaid na Urus: mnazifungia nazo au hapana?