ndiswrapper ni ya main au contrib?

Mzee_Kerneli
Wakuu, nafufua ubishi wa tangu 2006. ndiswrapper ni GPL, leseni ya programu huru, msimbo wote uko wazi. Ila kazi yake ni moja tu: kupakia draiva (programu za kuendesha kifaa) za waifai za Windows ndani ya Linux, na draiva hizo ni siri ya kampuni. Debian, aina mojawapo ya Linux, ina kapu la main kwa programu huru zinazojitosheleza, na la contrib kwa programu huru zinazohitaji kitu kisicho huru ndipo zifae. Mimi nasema contrib. Nipingeni.

BintiPangani
Main. Mbuzi ni mbuzi hata siku ambayo nyumbani hamna nazi. Halafu waliokuwa wakiitetea walitaja CIPE, draiva ya Windows ambayo ni huru, na ndiswrapper inaipakia. Sasa inategemea nini kisicho huru?

Dogo_Tamino
CIPE 😂 Hiyo si draiva ya kadi yoyote, ni mambo ya VPN, na Linux ilikuwa na CIPE yake yenyewe. Nani mwenye akili azungukie Windows kuipata? Huo ni ushahidi wa kukodi. Kerneli yenyewe, kiini cha Linux, haikudanganyika: mlikuwa na mistari inayoitafuta ndiswrapper kwa jina na kuitia doa, yaani alama, lile lile la moduli (vipande vya kupachika kwenye kerneli) zisizo huru, GPL yake haikuisaidia.

ShangaziMkunazi
Nimekwama kwenye mbuzi. Nani bado anakuna? Nazi napeleka sokoni, mashine inamaliza kabla sijatoa pesa kwenye pochi.

BintiPangani
Shangazi, tui la mashine lina ladha ya chuma. Na dogo, "mwenye akili" unamwambia nani? Nilitumia Linux wewe bado unacheza gemu ya nyoka kwenye simu ya mama.

Dogo_Tamino
Nilicheza, na nilishinda. Jibu hoja.

Stesheni_Mbagala
Tui la mashine halina shida, nyie wa Tanga mnajidai. Kwenye mada: HPLIP ya printa iko main, na kuna modeli za HP hazitoi hata ukurasa mpaka ushushe plagini ya kampuni. Mbona hiyo hamuifukuzi?

Mzee_Kerneli
Kwa sababu printa nyingine nyingi za HP zinachapa bila plagini. Huoni tofauti? Na naomba nazi zihamie kwenye uzi wake.

ShangaziMkunazi
Mzee, nazi alileta binti. Mimi nimeipokea tu.

BandoLimekata
Nyie mnagombea makapu, mimi nina laptopu ya mtumba, nimeweka Debian, waifai haioni kitu. Inadai fimwea, ile programu ya ndani ya kadi. Fimwea iko mtandaoni. Mtandao unataka waifai. Nifanyeje?

Dogo_Tamino
Hayo ndiyo matunda ya usafi wenu.

Stesheni_Mbagala
Si Debian walishapiga kura kuhusu fimwea ikaisha? Debian 11 inakuja na fimwea zote.

Mzee_Kerneli
12, si 11. Kura ilikuwa 2022, Debian 12 ikatoka Juni 2023 na kapu jipya, non-free-firmware, na fimwea zimo kwenye flashi rasmi ya usakinishaji. Hawakuzibatiza jina la uhuru, wamezitenga, basi. Ndicho ninachokitaka kwa ndiswrapper.

BintiPangani
Mzee umechanganya. Fimwea inaendeshwa na chipu ya kadi. Draiva ya Windows inaingia ndani ya kerneli yako. Umejipiga mwenyewe hapo.

Mzee_Kerneli
Hapo umenikuna. Lakini kama ni hivyo, ndiswrapper yako ndiyo mbaya zaidi, kwa nini unaitaka main?

BintiPangani
Sijasema nzuri. Nimesema mbuzi.

BandoLimekata
Mimi bado sina waifai.

Stesheni_Mbagala
Una flashi ya Debian ipi?

BandoLimekata
11. Nilinunua imeshaandaliwa.

Stesheni_Mbagala
Unganisha simu kwa waya wa USB, washa tetheringi (simu igawie laptopu intaneti), itaonekana kama mtandao wa waya. Halafu shusha 12.

ShangaziMkunazi
Na bando uangalie, mwanangu, isije ikakata katikati.