Njiti wetu anaruhusiwa Ijumaa na nyumbani ni Makete. Tuulize nini kabla ya kutoka?

BabaNeema: Habari zenu wakuu. Mke wangu alijifungua mimba ikiwa na wiki 30, mtoto akiwa na kilo 1.2. Amepita kwenye oksijeni na mpira wa kulishia, sasa ananyonya na amefika kilo 1.8. Ametimiza wiki nne. Tunamshukuru Mungu, ila nahofia baridi ya kwetu, na kutoka hapa Mbeya ni basi, kisha bodaboda.

Nesi_wa_Njiti: Hongereni sana, kaka. Kilo peke yake hainitoshi. Mama alale na mtoto usiku mzima hapo wodini, amnyonyeshe na kumpa dawa mwenyewe, nesi awe anatazama tu. Joto likikaa kati ya 36.5 na 37.5 akiwa kifuani, natulia. Nawe jifunze kumbeba kangaroo, yaani kifuani ngozi kwa ngozi, sasa hivi, maana mama hawezi kubeba usiku na mchana peke yake.

Kubwa zaidi ni macho. Njiti wa chini ya wiki 32, hasa aliyewekewa oksijeni, mishipa ya nyuma ya jicho inaweza kuota vibaya ikampofusha, na kwa nje huoni kitu. Kipimo cha kwanza hufanyika karibu wiki ya 4 tangu kuzaliwa, yaani sasa. Msipande basi kabla hajapimwa, au angalau mna tarehe na hospitali kwa maandishi. Wakishafika mbali, wengi hawarudi. Nimewaona, na inaniuma.

MamaPacha: Huko baridini watu huingiza jiko la mkaa chumbani ili mtoto apate joto. Msithubutu, ile hewa inaua! Wangu walivuka Julai nzima kifuani, na kofia, soksi na blanketi juu. Chanjo ya wiki 6 nayo hesabuni tangu alipozaliwa, msingoje anenepe.

BabaNeema: Asanteni mno. Usiku nitajuaje kwamba hali imebadilika?

Nesi_wa_Njiti: Akigoma kunyonya, akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, mbavu zikibonyea, akiwa wa baridi hata kifuani, au midomo ikigeuka bluu, msingoje kukuche. Kwa hiyo kabla ya Ijumaa patana na mwenye gari kijijini atakayepokea simu saa nane usiku, na uulize kituo gani cha karibu kina oksijeni. Piga simu kesho. Halafu mwombe daktari akuandikie matone ya madini chuma, na lini dozi ibadilishwe kadiri uzito unavyopanda.