Tupeane uzoefu: kujiamini kazini kumewahi kukuponya, au kukosa kujiamini kukakuumiza?

#1
Wakuu, habari za jioni. Naanza mimi.

Nipo kaunta ya benki mwaka wa 6. Mwaka wa kwanza nilipata shoti ya laki 2, yaani pesa ilipungua kwenye hesabu za siku, nikakatwa kwenye mshahara. Pesa iliuma, ila kilichonimaliza ni kuanza kujiona siwezi. Bunda la noti za elfu 10 nalihesabu mara 3, mashine inasoma 100, na bado siamini. Foleni inanung'unika. Jumapili jua likizama tu, tumbo linavurugika. Usingizi hakuna.

Aliyenitoa ni dada wa kaunta ya jirani. Hakuniambia "jiamini". Aliniambia, "Mdogo wangu, usisubiri jioni. Saa 6 tubalansi pamoja, tuone kama pesa inalingana na hesabu, saa 9 tena." Siku ya kwanza nikabalansi. Ya pili nikabalansi. Wiki ya 3 nikashtuka kumbe nalala hadi asubuhi.

Baadaye nikamsoma mwanasaikolojia Albert Bandura. Mwaka 1977 aliandika kwamba imani ya mtu kuwa jambo fulani analiweza hutokana na vitu vinne: kulifanya likafanikiwa, kumwona mwenzako akiliweza, kutiwa moyo, na jinsi mwili wako unavyojisikia. Lenye nguvu zaidi ni hilo la kwanza. Dada yule hakuwa amesoma hayo popote.

Nyie wenzangu?

#2
Mimi muuguzi, wodi ya watoto. Nilikosa mshipa mara 2, nikagombezwa mbele ya mama wa mtoto. Tangu hapo nikishika kanula, kile kimrija cha kuingiza dawa kwenye mshipa, mikono inatetemeka, nikiona inatetemeka najua nitakosa, na kweli nakosa. Nikirudi nyumbani sitaki kuongea na mtu. Hilo la mwili nimelielewa vizuri mno.

#3
Pole sana dada. Ila naomba tusiwabebeshe watu lawama. Nafundisha darasa lina watoto 120. Najiamini, somo nalijua, na bado nafika nyumbani nimekwisha. Madaftari hayapungui kwa kujiamini.

#1
Mwalimu, umenigusa. Siku ya ile shoti ilikuwa mwisho wa mwezi, kaunta 4, tuko watu 2. Meneja sikumwambia hata siku moja kwamba tulikuwa wachache. Niliona kosa ni langu peke yangu.